Beseni la Yokobeti

"Mguu uliooshwa haukanyagi mtu." Mmemsikia shangazi yenu Neema akiwaambia hivyo wale ndugu wawili waliotaka kushikana mashati, na sasa mnauliza methali hii imetoka wapi. Haya, sogeeni. Imetoka kwenye beseni.

Mwaka ule watu wa Milimani na wa Bondeni walikuwa wanauana kwa sababu ya malisho. Kanisa lilikuwa mpakani, na kila Alhamisi Kuu watu wa pande zote mbili walitawadhana miguu mlangoni: aliyeoshwa alipokea beseni, naye akamwosha anayefuata. Hakuna aliyeingia na vumbi lake.

Alhamisi Kuu ya mwaka huo watu walikuwa wamekimbia. Alibaki Yokobeti wa Milimani, mzee wa kanisa, pamoja na mkwewe Tabitha, ambaye mimba yake ilikuwa imekaribia na mbio hakuziweza. Yokobeti alimficha nyuma ya madhabahu. Kisha, kwa kutojua afanye nini kingine, akajaza beseni maji kama kila mwaka. Kila alipoanza Baba Yetu, aliipoteza njiani.

Mchana wakaja vijana wa Bondeni na mapanga. Mbele yao alikuwa Elikana, aliyefundishwa Shule ya Jumapili na Yokobeti mwenyewe.

"Shikamoo, mama," akasema, kwa mazoea tu. "Tupishe. Mkweo yumo?"

Akisema hayumo, watapekua.

"Marahaba. Yumo. Lakini leo ni Alhamisi Kuu, baba. Kaa kwanza."

Wenzake wakacheka. Elikana hakucheka. Tangu utotoni hakuwahi kuvuka mlango ule siku hiyo bila kuoshwa. Akakaa, panga mapajani. Miguu yake ilinuka mafuta ya taa, na majivu yalikuwa yameganda vidoleni. Yokobeti alijua ni majivu ya nyumba yake; moshi aliuona asubuhi. Alitamani kuing'ata miguu ile. Akaiosha huku analia, akaifuta kwa kanga yake.

"Anayefuata," akasema, akimkabidhi beseni kama desturi ilivyotaka.

Hakujua kwamba Tabitha anasikiliza. Binti akatoka mafichoni, akakaa kwenye benchi, akanyoosha miguu yake iliyovimba. Yokobeti akafumba macho. Mungu wangu, nimemwua mkwe wangu!

Lakini mtu haoshi miguu ya mwenzake kwa mkono mmoja. Yokobeti akasikia chuma kikilazwa sakafuni, kisha maji.

"Shemeji," Elikana akasema polepole, "miguu imevimba hivi, nani anakukandia?"

Yokobeti alipofumbua macho, mmoja wa wale vijana alikuwa anafungua kamba za viatu.

Vita havikuisha siku ile, na wengi walizikwa. Ila Tabitha alijifungua mlemle kanisani, na waliolinda mlango ni walewale waliokuja na mapanga. Mtoto aliyezaliwa ni Neema, shangazi yenu. Ndiyo maana akiwaambia mguu uliooshwa haukanyagi mtu, msicheke.