Picha Iliyozidi Mwanga

Nimetumiwa hii nikaona si vizuri kuikalia peke yangu. Isome mpaka mwisho, kisha mpelekee mtu ambaye hamjazungumza naye siku nyingi.

Nakijwa alifunga ndoa bila baba yake. Mzee Senzighe hakumtaka mkwe huyo, na aliapa mbele ya ukoo kwamba hatakanyaga kanisani. Mjomba ndiye aliyemshika Nakijwa mkono hadi madhabahuni.

Ibada ilipokwisha, maharusi walisimama nje ya mlango, jua la mchana likiwapiga usoni. Mpiga picha, Mbazi, alijua kwamba gauni jeupe na suti nyeusi juani huidanganya kamera. Kwa hiyo kila pozi alilipiga mara tatu: kwa mwanga wa kawaida, kwa mwanga mdogo, kisha kwa mwanga mwingi.

"Wewe, mbona unarudia rudia?" shangazi alimtania. "Au kidole kimenasa?"

"Naweka akiba, shangazi. Siku ya leo hairudiwi."

Wiki iliyofuata Nakijwa alikwenda studio kuchagua. Picha ya mwanga mdogo ilionyesha kila ua la lesi. Ya kawaida ilitoa nyuso vizuri. Ya mwanga mwingi ilikuwa imeungua, gauni lote jeupe pee.

"Hii futa, kaka. Nimekuwa kama mzuka."

Mbazi akapeleka kidole kufuta.

"Ngoja! Ikuze hapa, nyuma yangu."

Katika zile picha nyingine, mlango nyuma yao ulikuwa giza tupu. Katika hii, ndani ya kanisa kulionekana. Nyuma ya benchi la mwisho alisimama mzee mwenye koti la kahawia, kofia ameikumbatia kifuani.

"Baba," Nakijwa alisema. Akatafuta kiti akakaa.

Jioni hiyo alimpelekea picha. Mzee aliitazama muda mrefu.

"Koti kama hili wanalo wengi."

"Na hiyo pua, baba?"

Mzee alijizuia kucheka, akashindwa. "Nilikuwa napita tu."

"Ndani ya kanisa?"

Mzee aliifuta picha vumbi ambalo halikuwepo, akaiegemeza dirishani.

"Mwambie mumeo aje Jumapili. Mama yako atapika makande. Na asichelewe."

Funzo: Usiamue kwamba mtu hakuwa upande wako kwa sababu ulimtazama kwa mwanga mmoja tu. Huenda alikuwepo tangu mwanzo, ila aibu ilimsimamisha gizani.