Amplifaya Iliyokaribia Kuzikwa

Aliaye siye aumwaye.

Ndivyo nilivyosema asubuhi uji ulipomwagika, nyote mkamkimbilia Shukuru kwa makelele yake, nami nikampita nikaenda kwa Mwanaidi, aliyekaa kimya pembeni na mkono kauficha ndani ya kanga. Shukuru hakuwa na hata alama. Mwanaidi ndiye aliyeungua. Sasa mkono umekwisha pozwa na kufungwa, nanyi mwataka kujua maneno hayo niliyatoa wapi. Basi kwanza nitawatega.

Kitendawili. Nina wana wanne wa kioo, matumboni mwao mna moto, wala hawaungui.

Si kandili, Shukuru. Wala si vimulimuli. Mmeshindwa? Nipeni mji. Kilosa? Haya, Kilosa naupokea. Nimekwenda Kilosa, nimepikiwa wali na kunde, na hao wana wanne nimewakuta huko huko. Methali hii ilianza hivi.

Jirani na stesheni ya Kilosa alikaa mpiga gitaa aitwaye Mwinjuma, wa bendi ya Nyota ya Stesheni. Amplifaya yake ilikuwa ya zile za zamani, sanduku zito la mbao lenye vali ndani, yaani vichupa vya kioo ambavyo sharti vipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Mwinjuma akigusa uzi mmoja tu, sauti ilitoka nene na tamu kama asali ya nyuki wadogo, na waliokuwa ng'ambo ya mto Mkondoa waliacha jembe wakasikiliza.

Mwinjuma alifia safarini, Mpanda, bendi ilikokwenda kupiga. Akazikwa huko. Sanduku likarudi kwa treni, mwenyewe hakurudi.

Msibani dada yake Mwashamba alilia mpaka akagaagaa chini, watu wakampepea, wakamnywesha maji ya sukari. Mjane, Bi Tatu, hakutoa chozi. Alipima mchele, akatandika majamvi, akawa anauliza nani hajala. Watu wakamsifu: mwanamke jasiri huyu. Arobaini ikapita, wakatawanyika.

Mtoto wao Kibwana akarithi gitaa na sanduku, na nafasi ya baba yake katika bendi. Sanduku likawekwa sebuleni, mama akalifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe kwa maua mekundu.

Miezi ilipopita, likaanza kuguna. Kwanza kama nyuki ndani ya mtungi. Kisha likawa linapasuka-pasuka kama chumvi iliyotupwa motoni. Mwisho ukaja mguno mrefu wa kupanda na kushuka, mfano wa mzee anayejigeuza kitandani na maumivu yake. Kibwana alibadili waya wa gitaa, wapi. Akasema kelele inatoka kwenye spika, basi spika ndiyo mbovu. Akatafuta nyingine, akaifunga. Spika mpya ikaguna vile vile, tena kwa afya njema zaidi.

Hapo mtaa ukapata la kusema. Wakasema Mwinjuma yumo humo ndani. Bendi wakamwambia Kibwana taratibu kwamba asije nalo tena. Bi Tatu alisikia yote akanyamaza, kama kawaida yake, mpaka Alhamisi moja alipomwita mwanawe akamwambia kwamba baba yake hajapumzika, anaita, na wao wanamsikia wakicheza dansi juu yake. Dawa ni kulizika sanduku kwa heshima, nyuma ya nyumba, jirani na mpapai. Shimo lilikuwa limekwisha chimbwa.

Kibwana akaweka mkono juu ya sanduku. Baba yake alikuwa amebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya ile sauti. Likiingia udongoni, atakuwa amekufa mara ya pili, na mara hii mbele ya macho yake. Lakini mama ni mama, na usingizi ulikuwa umemkimbia mama huyo. Akaomba jambo moja: fundi alione kwanza. Bi Tatu akafikiri, akasema sawa, hata mgonjwa huonwa na mganga kabla hajaonwa na wachimba kaburi.

Fundi Kasubi wa redio, naye aliyekuwapo msibani, alikuwa Mnyamwezi, na wao Wazaramo, kwa hiyo ni watani. Alipofika na mkoba wake akapita kwanza nyuma, akalichungulia shimo.

"Nyie Wazaramo," alisema, "mnachimba na mgonjwa bado anahema?"

"Chelewa tu, Mnyamwezi wewe," Bi Tatu akamjibu. "Tutakutia wewe, shimo lisikae bure."

Kibwana akamtazama mama yake. Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu msiba.

Kasubi akafunga madirisha sebule iwe giza mchana ule, akafungua ubao wa nyuma wa sanduku, akawaonya wasitie mkono ndani, maana hata likizimwa, umeme wake hubaki humo, kama sumu kwenye jino la nyoka aliyekufa. Kisha akawasha.

Mwanzo hakikuonekana kitu. Halafu, ndani kabisa ya giza, uzi mwembamba ukaona haya, ukawa mwekundu. Na wa pili. Vichupa vinne vikasimama vinang'aa, vidogo viwili na vikubwa viwili, kila kimoja na kaa lake la moto ndani ya kioo, na ukutani nyuma yao vivuli vikatikisika kama watu waliosimama kuomba. Kibwana alikuwa amelala nyumba moja na sanduku hilo tangu kuzaliwa, wala hakupata kujua kwamba lina mbingu yake ndani. Akajikuta amevua kofia.

Mguno ukaja. Bi Tatu akashika mwimo wa mlango.

Kasubi akapunguza sauti kwa kile kifundo cha mbele, na mguno ukapungua nacho mpaka ukafa. Akasema vizuri, basi kosa halipo baada ya kifundo hiki. Liko kabla, kule mwanzo gitaa linakoingilia. Spika imesingiziwa. Akarudisha sauti, akashika kalamu ya mti, akaanza kuvigonga vichupa polepole kama mtu anayebisha hodi kwa jirani anayelala. Vikubwa havikujibu. Alipokigusa kile cha kwanza kabisa, kidogo kuliko vyote, kisichozidi dole gumba la mtoto, spika ikanguruma nyumba nzima.

Akakishika kwa kitambaa, akakichomoa.

Kimya. Kimya ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Njiwa wa juu ya bati wakasikika wanavyotembea. Kibwana akadhani ndiyo imekwisha. Lakini fundi akatia kichupa kipya mahali pale pale, na mguno ukarudi.

"Basi hata huyu si mgonjwa," alisema. "Naye analizwa. Tusonge mbele, tumtafute anayemliza."

Akazima, akachomoa waya ukutani, akaumaliza umeme uliobaki kwa namna yao mafundi, ndipo akamulika kwa tochi vile vitundu ambamo miguu ya kichupa husimama. Vilikuwa na kutu ya kijani, na unyevu. Akainama zaidi, kama anayetaka kunong'ona na sanduku. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika, utani wote umemtoka.

"Kibwana, njoo unuse."

Kibwana akanusa. Kutoka ndani ya yale machuma na mavumbi kulitoka harufu ya waridi.

Kibwana akarudi nyuma hatua moja, akidhani kweli sasa ameyaona ya marehemu. Kisha akageuka, akamwona mama yake ameinamisha macho.

"Ni marashi," Bi Tatu alisema. "Ni mimi. Kila Ijumaa namsomea, namrashia. Lilivyozidi kuguna, ndivyo nilivyozidi kumrashia."

"Kwenye amplifaya, shemeji?" Kasubi akauliza kwa sauti ndogo.

"Wenzangu wana makaburi hapa, Ijumaa wanakwenda na chupa zao. Langu liko Mpanda, hata sikulitia udongo. Ningemrashia wapi?"

Na hapo, mbele ya mtani wake na mwanawe, Bi Tatu akalia. Si kilio cha kugaagaa. Kilikuwa cha chini, kirefu, cha kupanda na kushuka, na Kibwana nywele zikamsisimka, kwa kuwa alikijua. Alikuwa amekisikia miezi yote ile kikitoka kwenye sanduku.

Kasubi hakumnyamazisha. Alivisafisha vile vitundu kwa mswaki na spiriti, akafungua madirisha, akaliacha sanduku likauke kwa upepo na jua la alasiri, na Bi Tatu naye alie mpaka atosheke. Kisha akalifunga, akaliwasha, akamwashiria Kibwana.

Vichupa vikapata moto. Halikuguna. Kibwana akagusa uzi mmoja, na ile sauti nene ya Mwinjuma ikaingia sebuleni kama mwenye nyumba aliyerudi safari, ikatikisa vikombe kabatini. Bi Tatu akafuta uso kwa ncha ya kanga, akasikiliza mpaka uzi ukatulia wenyewe.

"Tuliikamata spika kwa sababu ndiyo inayolia," Kasubi alisema akikusanya vifaa vyake. "Msibani pia tulimpepea Mwashamba. Aliaye siye aumwaye, shemeji. Tusamehe."

Shimo likapandwa mgomba. Na kabla mgomba haujatoa jani jipya, Bi Tatu alipanda treni na Kibwana kwenda Mpanda, chupa ya marashi mapajani njia nzima, akayamwaga mahali palipokuwa pakiyangoja.

Basi, hao wana wanne mmekwisha wajua. Msiwakemee wanaolia, wajukuu zangu. Hata spika si mwongo, imepewa kilio nayo inakitoa. Lakini masikio yakiwa kwake, macho yazunguke chumbani yamtafute aliyenyamaza, anayeuliza nani hajala.

Aliaye siye aumwaye.