Kofia ya Nadhiri ya Vuai

Hapo zamani, zamani ile ya kofia za mkono, kabla za cherehani hazijajaa madukani, palikuwa na mtaa ambao ukipita asubuhi unakuta kofia zimetiwa wanga na kuvalishwa juu ya vyungu juani zikauke, mlango hadi mlango. Mtaa mzima ukinukia wanga wa mchele. Ah, siku zile! Anayezikumbuka hawezi kuzisimulia bila kutabasamu.

Na mtaani humo hapakuwa na mkono kama wa Vuai. Alitoboa vitobo vidogo kama ufuta, akavizungushia uzi, kitobo kwa kitobo. Siku moja akaonja tembo la mnazi. Kesho yake akarudi. Mwaka wa tatu, alasiri haikumpita bila chupa. Akishika kazi, mkono unatetemeka, sindano inaanguka. Anaiokota, mkono unatetemeka, sindano inaanguka. Wateja wakamhama. Msikitini nako akaona haya, akaacha kwenda.

Asubuhi moja, mbele ya vyungu vitupu, akamkumbuka marehemu baba yake aliyemfundisha kushona kwa kumshika kidole. Akalia. Akasema: "Ewe Mola, nirudishie mikono yangu. Kofia ya kwanza nitakayoimaliza nitampa atakayeniponya." Hiyo ni nadhiri, wenzangu, si ahadi ya kununuliana kahawa.

Siku ya pili ya kuacha tembo akaanguka, mwili umemkakamaa. Nesi Raya wa zahanati akamlaza siku tano, akampa dawa, hakubanduka kitandani pake. Vuai akainuka mzima, ila moyoni mtupu, hajui aujaze nini.

Maalim Shaame wa msikitini akamfuata nyumbani, tasbihi mkononi.

"Mwanangu, rudi safuni."

"Naona aibu, Maalim."

"Njoo nayo hiyo aibu."

Akamfundisha kushona kwa uradi. Kiu ya tembo ikija, "Ya Latifu," uzi unapita. "Ya Latifu," uzi unapita. Mkono ukatulia, sindano ikapita.

Na Kombo, mwenzake wa kilabuni, kila alasiri akapiga hodi: "Twende zetu, Vuai!" Wakashika njia ya mashambani, wakiimba nyimbo za utotoni na kutaniana, mpaka saa ya kiu ikapita. Kisha akamrudisha mlangoni kwake. Miezi minane, hata siku za mvua hakukosa.

Kofia ikaisha. Vuai akaitia wanga, akaivalisha chungu, akawaita wote watatu barazani kwake. Ndipo aliposhtuka: hakumpima mtu kichwa! Mshonaji hupima kwa uzi kwanza, ndipo akakata kitambaa. Yeye, kwa furaha ya kushika sindano tena, alikata kwa mazoea, kumbe kwa kipimo cha baba yake. Akajipa moyo: basi kofia yenyewe itachagua.

Maalim akaivaa, ikamkaa. Raya, kwa kuwa kofia ni vazi la kiume, akamvisha baba yake aliyefuatana naye, mzee asiyewahi kuvaa kofia ya mkono maishani mwake, ikamkaa. Kombo akaivaa, ikamkaa pia. Vuai akachoka.

Maalim akasema: "Mponyaji ni Mungu. Lakini kila kitobo hapo kimepitiwa na jina Lake, na jina hilo nililirudisha mimi kinywani mwa Vuai."

Raya akasema: "Maalim, kwa heshima zote, siku ile meno yameuma ulimi, angevuta uradi kwa kinywa gani? Bila dawa zangu mngemswalia, msingemfundisha kuswali. Tena miaka mitatu alipita mlangoni pako ananuka tembo, hukumwita."

Maalim akainamisha kichwa. "Kweli. Sikumwita."

Kombo akasogea mbele. Alipofungua kinywa, baraza zima likasikia harufu ya tembo.

"Nanuka, najua," akasema. "Kila siku nikishamfikisha Vuai mlangoni, nilirudi kilabuni. Nimemvusha yeye, mimi nimebaki ng'ambo. Lakini dawa alipewa siku tano, na uradi hufanywa na mtu aliye mzima wa akili. Kiu ilimjia alasiri, na alasiri nilikuwepo mimi. Saa ile peke yake nami sikuwa na kiu. Nipe kofia, Vuai. Huenda nikiivaa nitaona haya kuingia nayo kule."

Vuai akaishika kofia kwa mikono miwili. Aliwapenda wote watatu, na hilo ndilo lililomuumiza. Nadhiri ilitaja mtu mmoja, aliyemponya, haikutaja mwenye shida. Akimpa asiyekuwa yeye, nadhiri imevunjika, na aliogopa Mola asije akaitwaa tena ile mikono aliyomrudishia. Akamtazama Maalim. Akamtazama Raya. Akamtazama Kombo, na Kombo akatazama chini.

Mkono ukatetemeka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, mkono ukatetemeka, kofia ikaanguka.

Haya, mlioketi hapa, iokoteni nyinyi mumsaidie: je, nani alistahili kuvishwa?