Bastola Iliyomkaa Nalangu Mkononi

Kuna jambo lililowashinda watu watatu kuamua, nami nimeshindwa pia. Sikilizeni, mnisaidie.

Watatu hao walikuwa askari wa hifadhi ya wanyama huko Simanjiro. Afande Mgaya, mkufunzi wa shabaha, alikuwa na jicho kali: akimtazama mtu akilenga, anajua kosa liko wapi. Sekunda alikuwa na moyo wa kutoa. Nalangu, mgeni kati yao, alikuwa na subira.

Alipoajiriwa, Nalangu alichagua bastola ya risasi nene kuliko zote ghalani. Wanaume waliibeba hiyo, naye hakutaka kuonekana mnyonge. Lakini kila akifyatua iliruka mkononi, na siku zilivyokwenda akawa anafumba macho kabla hata risasi haijatoka. Afande Mgaya hakumkaripia. Alivitazama vidole vyake kwenye mpini.

"Hii haikukai mkononi," alimwambia. "Risasi kubwa ikienda pembeni haimzuii mnyama. Chukua unayoweza kuituliza, ufyatue tena bila kuhangaika."

"Watanicheka, Afande."

"Wacheke."

Bastola ya risasi ndogo ilikuwa moja tu, naye Sekunda ndiye aliyepewa. Aliifungua kiunoni palepale. "Chukua, dada. Nitahangaika mimi na hiyo yako." Tangu hapo alikwenda doria na silaha asiyoiweza, akijua kwamba siku ya hatari huenda akakosa.

Nalangu naye alirudi uwanjani kila asubuhi kabla ya zamu. Walimcheka kweli, bastola yake wakaiita kiberiti. Akajifunza kuikamata kwa mikono miwili, kutuliza pumzi na kubana kifyatulio polepole, mpaka macho yakaacha kufumba.

Kiangazi kile, fisi mwenye kichaa cha mbwa alitokea mchana kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, akamwendea mama aliyekuwa akichota maji, mke wa mfugaji Mzee Sendeu. Sekunda na Nalangu walikuwa karibu. Sekunda alifyatua kwanza. Bastola ikaruka, risasi ikaishia vumbini, lakini mlio ulimfanya fisi asite. Nalangu akafyatua. Risasi ya kwanza ilimpata fisi begani, ya pili ikamlaza. Mama yule hakuguswa.

Mzee Sendeu akaleta mtamba. "Ni wa mtu mmoja, aliyemwokoa mke wangu. Hauzwi, hachinjwi, azae. Mimi sikuwapo, amueni wenyewe." Akamkabidhi Nalangu kamba.

"Kama mimi ningenyamaza," Afande Mgaya alisema, "ungekuwa na ile kubwa, umefumba macho."

"Na kama mimi ningekataa kukupa?" Sekunda aliuliza. "Hiyo ndogo ingekuwa kiunoni kwangu, na fisi ningemwangusha mwenyewe. Hata hivyo, nani alimfanya asite?"

Nalangu aliona wote wawili wanasema kweli. Lakini mikono iliyotulia mbele ya fisi ilikuwa yake, na utulivu ule hakupewa na mtu. Tena ukame ulikuwa umemaliza zizi la mama yake, hakubaki hata ndama.

"Basi nipeni muda nifikiri," alisema, huku mtamba akivuta kamba kutafuta majani.

Nyinyi mliosikia yote, mpeni jibu. Ungekuwa wewe Nalangu, kamba ile ungeiweka mkononi mwa nani?