Vyombo Visivyozeeka vya Bwana Mahfudhi

Katika mji wa Shamsia, enzi za Sultani Munadhari bin Kaisi, aliishi tajiri mmoja jina lake Mahfudhi, na Mahfudhi huyu alikuwa na pete, na ndani ya pete jini aitwaye Barkashi, aliyefungwa kumtumikia. Wengine wangeomba majumba na ufalme. Yeye, maskini wa Mungu, aliomba vyombo vyake visichakae! Basi sahani zake za kaure zikajaa katika vidaka vya ukutani, ziking'aa kama siku ya kununuliwa, na mkewe Bi Ruzuna akawa akila katika bakuli la mti, wala jirani hakuazimwa hata sinia la harusi.

Miaka ikapita, Mahfudhi akaota mvi, na siku moja alipoteremsha sahani aipanguse, mikono ikamtetemeka, na hofu ya mauti ikamwingia, akaisugua pete.

"Labeka, bwana wangu," akasema Barkashi.

"Ewe Barkashi, sahani hizi nilizinunua ujanani, nazo bado mpya, nami nakwisha. Nifanyie mimi kama ulivyozifanyia."

"Nimesikia na nimetii. Nitakuweka kidakani, hutazeeka wala hutakufa. Ila ujue, bwana wangu, hutakula, wala hutazungumza, wala mtu hatakushika mkono. Toa amri."

Mahfudhi akamsikia Bi Ruzuna uani akikohoa kwa moshi wa jikoni, akatamani, kuliko alivyowahi kutamani mali yoyote, aende akaketi naye.

"La," akasema. "Niache nizeeke. Nawe nenda zako, uko huru."

Jini akatoweka, na uchawi wake pamoja naye, na Mahfudhi akachukua sahani iliyo bora kuliko zote, akaipeleka uani.

"Mume wangu, umerukwa na akili? Itavunjika hiyo!"

"Na sisi je? Pakua, mke wangu, tule."

Tangu hapo vyombo vyake vikazunguka katika kila harusi ya Shamsia, vingine visirudi, naye asiulize. Na alipofariki, Sultani akampelekea mjane sahani ya dhahabu, na Bi Ruzuna akairudisha kwa adabu.

"Mwambieni Maulana, Mungu amzidishie. Sahani yangu ina ufa alioutia marehemu kwa mikono yake ya uzee, na ndiyo ninayoitaka."

Nawe msomaji, kama ipo sahani uliyowafungia wageni, kaitoe leo, ule na umpendaye.