Nyumba Iliyokaa Juu ya Mpaka

Mtu mmoja alikuwa na nyumba iliyokaa juu ya mpaka. Jina lake Elinazi, mkulima wa mahindi na migomba, na mkewe aliitwa Namkunda. Nyumba hiyo ilijengwa na babu yake kabla mpaka haujachorwa. Baadaye wakubwa waliketi kuigawa nchi katika majimbo, na mstari wao ukapita katikati ya sebule. Mlango wa mbele ukawa unafungukia Jimbo la Juu. Mlango wa jikoni ukawa unafungukia Jimbo la Chini. Hakuna aliyekuja kumwuliza Elinazi anaonaje.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikuwa na shida kwa mtu yeyote, kwa sababu Elinazi alitoa pande zote mbili. Watu wa Juu walipita mbele kudai mchango wa barabara, akatoa. Watu wa Chini walipita jikoni kudai mchango wa zahanati, akatoa. Majimbo yote mawili yalipoamua kujenga vyuo vikuu vya umma, kila moja na chake, Namkunda alibeba mchanga wa Chini asubuhi na kokoto za Juu jioni. Aliambiwa anajenga chuo cha watoto wake. Aliamini. Hata mimi ningeamini, maana walivyosema, walisema vizuri.

Walikuwa na binti, Nakijwa. Huyu alitaka kitu kimoja tu maishani, kusomea utabibu wa mifugo. Alikuwa ameona ng'ombe wa nyumbani wakifa kwa ugonjwa wa ndigana mmoja baada ya mwingine, mama yake akiwapaka majivu kwa kukosa la kufanya, na pande zote mbili za mpaka hapakuwa na daktari wa mifugo wa kumkimbilia. Akasoma kwa bidii, akawapita wote shuleni kwake, akaomba nafasi katika chuo cha Chini, ambacho paa lake linaonekana ukisimama mlangoni pa jiko lao.

Karani wa udahili alisema mlango wa mbele wa nyumba yao uko Juu, kwa hiyo huyu ni mtu wa nje. Watoto wa jimbo wana nafasi zao na ada yao. Watu wa nje hungojea nafasi chache zinazobaki, na ada yao ni mara tatu. Mtoto wa jirani, ambaye shamba lao limepakana na la kina Nakijwa, alikuwa na alama za kusuasua, naye alipita bila kuulizwa kitu. Basi Nakijwa akapanda kwenda chuo cha Juu. Huko akaambiwa kwamba familia hukaa inapopikia, na jiko lao liko Chini, hivyo ni mtu wa nje. Ada ni ileile ya mara tatu. Hata wangeuza shamba lote isingetimia.

Msicheke. Nawaona baadhi yenu mnacheka.

Elinazi alikuwa mtu mpole, na kosa lake ni lile la watu wapole: alidhani tatizo liko kwake. Akafyatua matofali, akauziba mlango wa mbele, akapiga lipu, ili nyumba yake iwe ya upande mmoja. Kitanda cha binti akakihamishia chumba cha nyuma. Kisha akaenda kwa karani wa Chini, akavua kofia, akaeleza kwamba sasa wao ni watu wa Chini kabisa, wanatoka na kuingia Chini, wanapika na kulala Chini. Karani alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamweleza, tena kwa sauti ya upole, kwamba anayehama kwa ajili ya kusoma hahesabiwi kuwa amehama. Angehama kwa kukimbia kesi, angepokewa. Angehama kwa kufuata mwanamke, angepokewa. Kwa kutaka mtoto asome, hapana.

Nimesimama mbele yenu miaka mingi, nami nimejifunza kujizuia. Leo sijizuii. Upole wa karani yule unaniudhi kuliko tusi. Mtu akikutukana, angalau anajua kwamba amekukosea.

Mavuno yakafika. Mtendaji wa Chini alikuja mlango wa jikoni na punda na magunia, akasema kila mkazi wa jimbo atoe mahindi ya kulisha wanafunzi wa chuo. Hajamaliza kusema, mtendaji wa Juu naye akatokea. Alikuwa amekuta ukuta pale alipozoea kubisha hodi. Hakushangaa wala hakuuliza kulikoni. Aliizunguka nyumba tu, na magunia yake begani, kwa kazi ileile. Wakasimama wote wawili kwenye kizingiti kimoja, wakasalimiana kama watu wa ofisi moja.

Namkunda akaleta debe la kupimia, kwa mazoea. Nakijwa akalipokea mikononi mwa mama yake. Aliwaamkia watendaji wote wawili, kwa kuwa amelelewa vizuri, kisha akasema, "Wazee wangu, kabla sijawapimia, naomba kila mmoja aniambie mimi ni wa wapi."

"Wewe ni wetu, mwanangu," akasema mtendaji wa Chini.

Wa Juu hakukubali. Alisema binti huyo ni wa Juu tangu babu wa babu yake, na jambo hilo halina mjadala. Wakabishana pale mlangoni, kila mmoja akimvutia kwake. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwake Nakijwa kusikia majimbo mawili yakimgombania.

Hakupima. Alilipindua debe, akalikalia. Watendaji wakaondoka na magunia matupu, wakatangaza kila kijiji kwamba familia ile haina uzalendo, na watu wengi wenye heshima zao wakatikisa vichwa na kusema kweli, watoto wa siku hizi ni wakaidi. Chuo cha Chini kikafunguliwa. Chuo cha Juu kikafunguliwa. Nakijwa hakuwemo humu wala mle. Mwezi ule ndama wao wa mwisho alishikwa na homa, na binti aliyetaka kujua dawa yake alikaa naye zizini akimfukuzia nzi mpaka ndama huyo akafa.

Basi nyinyi mliotikisa vichwa, nijibuni leo, wala msinijibu kwa upole: mtu ambaye ni wenu mnapochukua, amegeukaje mgeni mnapogawa?