Bega la Mama na Mgongo wa Bibi

Akina mama wenzangu, leo nina mfano wa mama mmoja. Msimtafute mtaani kwenu, maana nimemtunga. Lakini mkiona anafanana na mtu mnayemjua, nyamazeni tu msikilize.

Mama huyu alijifungua kitinda mimba akiwa na miaka arobaini na miwili, baada ya kusubiri miaka tisa. Mtoto alipofikisha miezi minane, bega la kulia la mama likaanza kuuma. Mwanzoni alidhani amelilalia vibaya. Ikafika siku hawezi kuchana nywele, hawezi kufunga sidiria, na baya kuliko yote, hawezi kupeleka mkono nyuma amshike mtoto na kumfunga mbeleko. Alijaribu asubuhi moja. Mtoto akateleza, mama mkwe akamdaka kabla hajafika chini.

"Nipe mjukuu wangu," mama mkwe akasema. "Wewe pumzisha huo mkono. Mgongo wangu umezoea mizigo."

Ulikuwa wema mtupu. Mtoto akahamia mgongoni kwa bibi.

Hospitali wakamwambia bega limeganda, na kwamba wenye ugonjwa wa sukari kama yeye hupatwa sana. Dada wa mazoezi ya viungo akamwelekeza: ainame auning'inize mkono na kuupembeza, asimame karibu na ukuta, apandishe vidole polepole kama buibui, achore mstari wa chaki pale vilipoishia. Mara tatu kila siku. Alifanya siku nne. Yaliuma mpaka machozi yakamtoka, akaacha. Mstari wa chaki ukabaki chini ya dirisha.

Maumivu yalipozidi, daktari akamchoma sindano ndani ya bega. Wiki haikuisha, yakatulia. Akarudi kwa yule dada akitabasamu.

"Nimepona."

"Inua mkono, mama."

Akainua. Ukafika usawa wa kifua, ukagoma.

"Mazoezi unafanya?"

"Nafanya."

"Mara ngapi kwa siku?"

Mama akaushusha mkono, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Bega halijui kudanganya, mama," dada akasema bila ukali. "Sindano imetuliza maumivu ili uweze kufanya mazoezi. Mazoezi yenyewe hayamo ndani ya sindano. Anza leo, kabla maumivu hayajarudi."

Je, alianza? Ninyi mngeanza? Nani ana haraka ya kujiumiza siku aliyopata nafuu? Alisema ataanza Jumatatu. Jumatatu kulikuwa na nguo za kufua. Miezi ikapita hivyo hivyo, maumivu yakarudi. Akaomba sindano nyingine. Daktari akasita, kwa kuwa ile ya kwanza ilimpandisha sukari.

Siku moja bombani jirani akamtania. "Mtoto wako ana bahati, shoga. Ana mama wawili, mmoja wa kunyonyesha, mmoja wa kubeba."

Wanawake wote pale bombani wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Alipofika nyumbani akaingia jikoni, akafunga mlango, akalia. Kisha akasimama mbele ya ukuta, akaanza.

Safari hii hakuacha. Aliuma kanga kwa meno ili mtoto asimsikie akilia. Mistari ya chaki ikapanda, upana wa kidole kwa upana wa kidole, mwaka mzima. Na mkono ukafika, ndugu zangu. Ukafika juu, ukafika na nyuma. Akachukua mbeleko, akainama mbele ya binti yake, akapiga mgongo wake mwenyewe.

"Njoo, mama. Njoo nikubebe."

Mtoto akamtazama. Alikuwa na miaka miwili na nusu sasa. Akamzunguka, akaenda kushika gauni la bibi.

"Nenda kwa mama," bibi akasema kwa aibu.

"Sitaki. Nataka bibi."

Mama akabaki ameinama. Bega lilikuwa haliumi hata kidogo.

Mtasema mtoto atazoea. Huenda. Lakini wakati wa kubebwa ulikuwa umekwisha, na hakuna sindano ya kuurudisha.

Sasa tujiulize sisi. Tunakuja hapa kwenye maombi tumeumia, tunalia, tunaombewa, Mungu anatutuliza. Tunarudi nyumbani tukisema tumepona. Lile neno gumu tulilopaswa kumwambia mume, ile safari ya kwenda kumwomba radhi mama mzazi, ule ukali kwa watoto tunaopaswa kuuacha, tunaviweka mpaka Jumatatu. Nafuu tuliyopewa ilikuwa ya kututia nguvu tukafanye hayo, sisi tumeigeuza kitanda. Na huku tumelala, wale wanaotuhitaji wanajifunza kuishi bila sisi.

Mungu hachoki kutungoja. Ninaamini hivyo kwa moyo wote. Watoto hawawezi kungoja, wanakua. Wazazi wetu wanazeeka. Kama yupo mtu nyumbani kwako ambaye bado anakuita, mwitikie leo, hata kama bado kunauma.